Mashine Isiyojua Kukataa

"Haya, mkishaifufua, mtaiambia isile?"

Aliyeuliza ni mama mdogo. Alikuwa anapepeta mchele uani, hata uso hakuinua. Swali alimtupia mwanawe, ila nilijua na mimi nimo, maana nilikuwa nimetoka Songea alfajiri, nikabadilisha gari Tunduru mjini na kufika Mbesa jioni nikiwa nimejaa vumbi, kwa sababu moja tu: kuandika makala ya kumsifu huyo mwanawe. Kichwa cha habari nilishakuwa nacho: fundi wa kijijini afufua mashine iliyokufa. Wahariri wanazipenda habari za namna hiyo.

Mdogo wangu huyu ni fundi redio. Anatengeneza redio, simu, sola, chochote chenye waya. Miaka miwili nyuma alinunua dubwi bovu kwa bei ya chuma chakavu. Wengine mnaliita bonanza: lile kabati la kamari kutoka China lenye duara la taa na picha za matunda, kengele na namba saba. Unalilisha sarafu ya shilingi mia mbili, unabonyeza tunda lako, taa inazunguka, inazunguka, inakwenda kusimama kwa jirani. Hili lilikuwa limesimama miaka jirani na kilabu cha pombe mpaka likazimika, na mwenyewe hakurudi kulichukua.

Alipolifungua alikuta panya wametafuna waya, kapasita zimevimba, pawasaplai imeungua na bodi imeota kutu ya kijani. Akawa analifanyia kazi usiku, wateja wakishaondoka. Kapasita nyingine alizing'oa kwenye TV chogo ambazo hakuna anayezitaka tena. Taa zilizoungua alizibadilisha moja moja. Picha za matunda zilizofutika alizichora upya kwa mkono, na niseme kweli, tikiti lake ni zuri kuliko lile la kiwandani. Nilipomuuliza kwa nini anajisumbua hivyo, alinishangaa. "Kaka, kitu kimekufa na mimi najua kukitibu. Nikiache?"

Sasa nisiwafiche kilichomfanya mama mdogo aulize vile. Msimu mmoja wa korosho, mdogo wangu akiwa bado shule, baba mdogo alipokea malipo yake ya kwanza kutoka chama cha msingi. Ndani yake kulikuwa na laki nne za bati. Hazikufika dukani. Ziliingia kwenye dubwi, hilo hilo ambalo sasa linang'aa kwenye banda la mwanawe, na nyumba ikakaa na nyasi misimu miwili zaidi.

Mimi ni mwandishi, hesabu si kazi yangu, lakini hii niliifanya. Laki nne kwa sarafu za mia mbili ni sarafu elfu mbili. Mara elfu mbili mzee yule aliinua mkono na kutumbukiza, na hapo sijahesabu zile alizorudishiwa akazirudisha. Kwa mbio za kawaida hizo ni jioni nyingi. Katika jioni zote hizo, tundu lile halikusita hata mara moja.

Kwa hiyo swali la mama mdogo si la mtu asiyejua thamani ya ufundi. Ni swali la maadili, tena gumu. Kitu kilichowala watu kina haki ya kutengenezwa? Na anayekitengeneza anatengeneza nini hasa: chuma, au ulaji?

Kuna nchi ambako kazi anayoifanya mdogo wangu ni mapenzi ya watu wazima wenye pesa na nafasi. Wanakusanya mashine za zamani za kuchezea kwa sarafu, wanazirudishia rangi, wanatafutiana vipuri. Pale San Francisco kuna Musée Mécanique, ukumbi uliojaa mashine za zamani za sarafu, nyingi bado zinafanya kazi. Mtu anaingia na watoto wake, anacheka, anapiga picha. Hakuna anayelia humo.

Lakini mashine hizi hazikuanza kwa kupendwa. Januari 1942, Meya Fiorello La Guardia wa New York aliipiga marufuku pinball, ule mchezo wa kurusha gololi ya chuma ndani ya meza ya kioo. Alisema ni kamari, kwamba inawaibia watoto wa shule pesa zao. Polisi wakazikusanya kwa maelfu, na yeye mwenyewe akapigwa picha akizivunja kwa nyundo. Marufuku hiyo ilidumu hadi 1976, na iliondolewa kwa namna ambayo ungedhani ni hadithi. Mwandishi wa habari kijana, Roger Sharpe, aliitwa mbele ya madiwani acheze. Akawatajia mapema gololi itapita njia ipi, akavuta, ikapita humo humo. Wakakubali kwamba huu ni mchezo wa ujuzi, si wa bahati tu.

Mimi nilitaka kusimama hapo. Ingekuwa makala nzuri: tazameni, mashetani ya jana ni makumbusho ya leo, mama mdogo naye ampe mwanawe muda. Tatizo ni kwamba hoja ya Sharpe inamhukumu dubwi badala ya kumwokoa. Pinball inakupa kitu kwa sarafu yako. Mkono wako unajifunza. Hata Space Invaders ya Wajapani, iliyotoka 1978, inakuua mara mia lakini ya mia na moja umekuwa hodari. Kwenye dubwi hakuna wa kuwa hodari. Mdogo wangu alinifungulia mlango wa nyuma akanielekeza kwenye bodi, palipo na safu ya swichi ndogo kama meno ya mtoto. "Unaona hizi? Hapa ndipo anapanga irudishe kiasi gani. Watu wanavaa hirizi kule mbele, kaka. Bahati iko huku nyuma."

Basi nilidhani nimepata jibu: ya ujuzi ihifadhiwe, ya kubahatisha ichomwe. Wako waliofanya hivyo. Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliendesha msako wa mashine za kamari, nyingi zikateketezwa hadharani. Kwetu, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 inataka mwendeshaji awe na leseni na inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza. Sheria ni nzuri. Ila usiku ule, nimelala kwenye kitanda cha kamba, jibu langu lilianza kunisuta, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuliwa na kitu ambacho hakina bodi wala taa za matunda.

Mwaka 2021 nilikula kodi ya nyumba ya miezi mitatu kwenye mikeka. Nabeti mpira, na mpira naujua. Nimeandika habari za michezo. Kila mkeka niliuchambua kwa ujuzi kweli kweli. Mke wangu aliamini tumelipa mpaka mwenye nyumba alipogonga mlango. Kwa hiyo ujuzi haukunilinda. Kama si ujuzi, tofauti ni nini?

Nilikumbuka utotoni, Songea. Mtaani kwetu kulikuwa na kibanda cha gemu: TV chogo mbili, Sega moja nzima na moja ya kugongagonga. Unalipa shilingi hamsini, ile sarafu yenye picha ya faru, unacheza mpaka ufe. Mashine haikuwa na tundu la sarafu. Tundu lilikuwa kiganja cha kaka mwenye kibanda. Niliiba sarafu za mama za chumvi na kiberiti kwa ajili ya kile kibanda, sitaki kujisafisha. Lakini siku moja nilipokwenda mara ya nne, kaka yule alikitazama kiganja changu, akanitazama mimi, akasema, "Wewe leo basi. Nenda nyumbani, mama yako atakuwa anakutafuta." Nililia kwa hasira. Alikuwa anapoteza hamsini yake, na alijua.

Hilo ndilo tundu la sarafu lilikuja kuliondoa duniani. Tunadhani lilibuniwa kumrahisishia mnunuzi, kumbe limemwondoa muuzaji, yule ambaye angeweza kusema leo basi. Jambo lenyewe ni la zamani mno. Heron wa Alexandria, takriban miaka elfu mbili iliyopita, alieleza chombo cha hekaluni: unatumbukiza sarafu, inaangukia kwenye kisahani, uzito wake unafungua kizibo, maji ya kutawadha yanatoka kwa kipimo. Kuhani hahitajiki kusimama pale. Mwaka 1972, Pong ya kwanza ilipowekwa kwenye baa moja ya Sunnyvale, California, iliacha kufanya kazi baada ya muda mfupi. Fundi wake Al Alcorn alisimulia kwamba alipoifungua alikuta ugonjwa ni mmoja tu: kisanduku cha sarafu kimejaa hadi kimefurika. Huenda ndiyo siku pekee mashine ya namna ile ilikataa sarafu, na ilikataa kwa kuvimbiwa.

Mwenye baa anaweza kumnyima mlevi glasi ya tano. Mangi anaweza kukwambia deni lako limekuwa kubwa. Hawafanyi hivyo kila siku, na wengine hawafanyi kabisa, lakini uwezekano upo. Kwenye dubwi uwezekano huo umeng'olewa kwa makusudi. Kwenye simu yangu umeng'olewa na zaidi, maana pale hata sauti ya sarafu ikianguka haipo.

Asubuhi nilimweleza mdogo wangu haya yote, na kwa kuwa ni mvumilivu alinisikiliza hadi mwisho huku akichomelea waya wa redio ya mtu. Kisha akasema, "Njoo nikuonyeshe kitu nilichokuwa sijaamua."

Alifungua koo la mashine, kile kifaa cha kupokea sarafu. Ndani, imebanwa upande mmoja, kulikuwa na sarafu ya mia mbili, Karume huku, simba kule, haijachakaa. Nilidhani imekwama. "Haijakwama. Hii ni ya mfano," akasema. Kila sarafu inayopita inalinganishwa na hiyo kwa sumaku ya umeme: ikifanana inamezwa, isipofanana inarudishwa chini. Miaka yote ile, sarafu moja ilikaa humo kooni ikiwaita wenzake. Mdogo wangu alikuwa amemaliza kila kitu ila hilo. Akiiacha, mashine imepona kabisa, kama ilivyotoka kiwandani. Akiitoa, kila sarafu itaonekana ngeni na kutemwa.

Najua wakusanyaji wakali wangesema nini. Wangesema umeharibu uhalisi. Kazi ya anayehifadhi ni kurudisha kitu kilivyokuwa, hukumu awaachie wengine. Nawaheshimu, na ninajua wengi wao nyumbani huzipanga mashine zao zicheze bila malipo. Lakini kilivyokuwa kwa nani? Uhalisi wa dubwi lile kwa aliyelitengeneza ni taa na bodi. Uhalisi wake Mbesa ni nyumba ya nyasi. Ukirudisha rangi na mlio na njaa yake, halafu ukamsahau mzee aliyelishwa humo, umehifadhi upande mmoja tu wa kitu. Na ukiichoma, sawa, umeondoa mdomo mmoja, lakini umeondoa pia swichi zile ndogo ambazo kila kijana wa kijiji angepaswa kuziona kwa macho yake kabla hajavaa hirizi.

Mdogo wangu aliitoa sarafu. Aliufunga mlango wa mbele na wa nyuma akauacha wazi, ukazibwa kwa kipande cha kioo. Ukibonyeza kitufe taa zinazunguka na mlio ule wa kuudhi unalia, bure. Ukitumbukiza mia mbili, inateremka koo zima na kudondoka miguuni pako.

Jioni baba mdogo alitoka shamba. Hakuna aliyemwita. Alisimama mbele ya mashine muda mrefu, akatoa sarafu mfukoni, akatumbukiza. Ikarudi. Akatumbukiza tena. Ikarudi. Mara ya tatu aliinama akaiokota, akaipangusa kwenye suruali, akaenda zake kunawa mikono. Hakusema neno, na sisi hatukumuuliza.

Mama mdogo bado anataka ichomwe. Kasema ikiwaka usiku haoni usingizi, na swali lake hajalifuta. Simlaumu, wala sidhani kwamba kioo kile kimemlipa bati zake. Isitoshe, mdogo wangu akihama au akifa, mwingine anaweza kurudisha sarafu ya mfano mahali pake kwa dakika moja. Kukataa kwa mashine ile ni kwa kuazimwa tu. Kunategemea mtu.

Simu yangu haina mlango wa nyuma wa kufungua. Kwa hiyo kabla sijaondoka Mbesa tulikubaliana jambo. Kila nikitaka kuweka mkeka, nimpigie yeye kwanza, saa yoyote. Tangu hapo nimempigia mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa saa saba usiku, akapokea sauti ikiwa nzito ya usingizi, akanisikiliza nikimchambulia mechi yote, timu zote mbili, majeruhi wote. Kisha akasema, "Hapana, kaka. Lala."