Je, Ni Haki Kumfunga Baba Asiyemlisha Mtoto?

Aliyemzaa mtoto ana deni kwake: chakula, mavazi na malezi. Deni hilo halifi baba akitengana na mama. Kwa hiyo, baba akiamriwa na hakimu kutoa fedha, naye akakataa, aweza kukamatwa.

Lakini kukataa ni neno moja, kukosa ni neno jingine. Mwaka 2008, katika jimbo la South Carolina, Marekani, baba mmoja alifungwa miezi 12 kwa deni la dola zaidi ya 5,000 za matunzo ya mtoto. Hakimu hakuhakikisha kama alikuwa na uwezo wa kulipa. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya nchi ile ilitamka kwamba haki ilivunjwa: hakupewa wakili, wala njia nyingine ya kuonyesha hali yake.

Basi, mwenye fedha na alazimishwe, maana ameshika chakula cha mwanawe. Asiye nazo apimwe kwanza, kwani aliye gerezani hapati mshahara, na kifungo hakimlishi mtoto. Lakini umaskini usiwe maficho: mwenye nguvu na alime, atoe alichonacho. Pingu zaweza kumfikisha baba mbele ya hakimu. Haziwezi kumpa moyo wa baba.