Albamu ya Kwanza na Ajali Iliyokuja Baadaye

Mtu anayeirejelea kazi aliyoipenda ujanani aghalabu hudhani kwamba anaihakiki kazi hiyo, kumbe anajihakiki mwenyewe. Dai hili, ingawa limezoeleka, halitoshi kuueleza mgogoro unaomkabili msikilizaji wa Too Fast for Love, albamu ya kwanza ya bendi ya Mötley Crüe ya Los Angeles.

Albamu hiyo ilitolewa mwaka 1981 na lebo ndogo ya bendi yenyewe. Mwaka uliofuata kampuni ya Elektra iliitoa tena, sauti zake zikiwa zimechanganywa upya na Roy Thomas Baker na wimbo mmoja ukiwa umeondolewa. (Anayedai kuirudia "ile ya asili" yafaa aulizwe kwanza ni ipi.) Maudhui yake ni kasi, usiku na tamaa isiyojua kusubiri, gitaa la Mick Mars ni kali, na halina madaha ya rekodi zilizofuata.

Mnamo tarehe 8 Desemba 1984, mwimbaji Vince Neil aliendesha gari akiwa amelewa huko Redondo Beach, California, akapata ajali. Abiria wake, Nicholas Dingley, mpiga ngoma wa Hanoi Rocks aliyejulikana kama Razzle, alifariki, na watu wengine wawili wakajeruhiwa vibaya. Neil alihukumiwa kifungo cha siku 30. Albamu ya bendi ya mwaka 1985 ilitabarukiwa marehemu. Heshima hiyo nayo iliuzwa dukani.

Je, ni haki kuisikiliza kasi ya 1981 kana kwamba ajali ya 1984 haikutokea? Mhakiki wa kimuundo atajibu kwamba nafsineni si mwimbaji. Tena nyimbo hizo kwa sehemu kubwa zilitungwa na Nikki Sixx, mpiga gitaa la besi. Jibu hili ni sahihi, na ni rahisi mno. Kazi haiwezi kushtakiwa kwa tendo lililotukia miaka mitatu baada yake. Mshtakiwa ni msikilizaji, ambaye ili aipate tena raha yake ya kale humhitaji Razzle asiwepo.

Hata hivyo, kuipiga marufuku rekodi hiyo sebuleni hakumfai marehemu lolote. Humpa tu mwenye nyumba fahari ya bure. Lililo gumu zaidi ni kuisikiliza na kukiri kwamba ladha haijapungua. Sauti ile ile ya Neil, nyembamba na yenye haraka, ingali inasisimua, na msikilizaji anayeijua vyema habari ya Redondo Beach husisimka kabla hajaikumbuka.