Mbwa Amekula au Mbwa Wamekula?

Kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kusimama mbele ya wanafunzi wake akawaeleza kwamba yako majina yasiyobadilika umbo katika umoja na wingi. Mbwa ni mojawapo. Mtu ana mbwa mmoja, jirani yake ana mbwa sita. Jina ni lile lile. Kinachotujulisha idadi si jina, bali ni kiambishi kilicho mwanzoni mwa kitenzi: mbwa amekula, mbwa wamekula. Tena kiambishi hicho ni kile kile tumpacho mtu. Hatusemi mbwa imekula, ingawa wengi wetu tulio mbali na pwani huponyokwa na maneno hayo sokoni. Twasema amekula, kama tusemavyo mtoto amekula. Sarufi imemweka mbwa upande wa wenye uhai, kisha ikatutaka tuangalie kama ni mmoja au ni wengi.

Katika makala haya mafupi twapenda kuichukua kanuni hiyo na kuitoa darasani mpaka uani. Swali letu ni hili: mwenye nyumba afugaye mbwa kadhaa ana wajibu gani kwao, na je, wajibu huo ni kwa kundi zima au ni kwa kila mbwa peke yake? Huenda baadhi ya wasomaji wakaliona jambo lenyewe kuwa dogo. Sisi twaona kwamba mambo ya uani humpima mtu vizuri kuliko mambo ya sebuleni, kwa kuwa huko hakuna mgeni wa kumtazama.

Tuanze na hali ilivyo. Katika viunga vya miji yetu ya Maziwa Makuu, kama vile Kampala, Bujumbura na Bukavu, nyumba yenye mbwa wanne au watano si ajabu. Aghalabu hakuna aliyekusudia wawe wengi. Alianza mmoja, akaletwa kwa ajili ya wezi. Ikaonekana hatoshi, akaletewa mwenzake. Jike huchukua mimba kwa muda wa siku zipatazo 63 tu, na kabla mwaka haujaisha ua una midomo mingine mitano. Wawili wakagawiwa majirani, mmoja akafa, wawili wakasalia. Ndivyo kundi linavyotokea: si kwa uamuzi, bali kwa kutoamua.

Maisha ya kila siku katika nyumba ya namna hiyo yana utaratibu wake. Alfajiri, kabla watoto hawajatoka kwenda shule, mbwa hukusanywa wakafungiwa bandani, maana mgeni wa mchana hapaswi kuumwa. Jua likipanda, banda huwa kama tanuri, na kopo la maji hupinduliwa na yule mwenye vurugu. Mchana mmoja hubweka, wote wakaitikia, na mtu wa ndani akawakemea wanyamaze bila ya kutazama kilichowashtua. Magharibi hupikwa ugali wa unga hafifu, ukachanganywa na dagaa au utumbo kutoka machinjioni, ukaachwa upoe. Kisha humwagwa chomboni na mlango wa banda ukafunguliwa. Usiku ua ni wao, na watu wa nyumba hupata usingizi kwa sababu wao wanakesha.

Hapa kwenye chombo ndipo penye hoja yetu. Chombo ni kimoja, mbwa ni watano. Wa kwanza kufika ni dume mwenye nguvu, naye hunguruma akiwa na chakula kinywani. Wawili wanaomfuata hula kwa haraka wakimtazama kwa jicho la pembeni. Wa mwisho, mara nyingi jike anyonyeshaye au mbwa mzee aliyepungukiwa meno, husimama mbali, mkia kati ya miguu, akingoja kulamba kilichosalia. Baada ya kitambo kidogo mtu wa jikoni hurudi, akakuta chombo kitupu, akatoa taarifa: “Mbwa wamekula.” Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi, lakini kwa mmoja wao ni ya uongo. Chakula kilitosha, mkono uliotoa haukuwa na choyo, nia ilikuwa njema. Hata hivyo mmoja amelala na njaa, na kesho atalala nayo tena, kwa kuwa iliyofanywa ni hesabu ya kundi.

Wako wanafalsafa waliodai kwamba hatuna wajibu wowote kwa mnyama mwenyewe. Immanuel Kant, Mjerumani wa karne ya 18, aliwafundisha wanafunzi wake kwamba mtu amwuaye mbwa wake mzee kwa kuwa hafai tena kazi hamkosei mbwa, maadam mbwa hana uwezo wa kuhukumu. Anachokiharibu ni utu wake mwenyewe, kwani azoeaye ukatili kwa wanyama huwa mkatili kwa watu pia. Mwingereza Jeremy Bentham, katika kitabu alichokitoa mwaka 1789, alishika njia nyingine. Kwake la kuulizwa si kama mnyama aweza kufikiri au kusema, bali ni kama aweza kuumia.

Maneno ya Kant yana ukweli ndani yake, na kila aliyemwona mtoto akimtesa mbwa amehofu atakavyokuwa akikua. Walakini chombo cha jioni chatuonyesha upungufu wake. Ikiwa wajibu wetu ni kuulinda utu wetu tu, basi mwenye nyumba amekwisha kuutimiza: ametoa, hakupiga, moyo wake umebaki laini. Kwa hoja hiyo hadaiwi zaidi. Lakini yule jike aliye pembeni bado anadai. Hadai huruma ya jumla. Adai sehemu yake. Huruma yaweza kumwagwa juu ya wengi kwa mara moja, ila haki hugawiwa kwa mkono, mmoja mmoja. Ndiyo maana twashikilia kwamba wajibu huu ni kwa mbwa mwenyewe, wala si kwa nafsi zetu peke yake, wala si kwa kundi.

Wazee wa pwani, ambao kwa madhehebu yao ya Kishafii humhesabu mbwa kuwa najisi na huosha mara saba chombo alichokilamba, mara moja katika hizo kwa udongo, hawakuona kwamba najisi humwondolea mnyama haki yake. Katika Hadithi mashuhuri ya Mtume Muhammad husimuliwa habari za mtu aliyemkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu, akateremka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Mbwa yule alikuwa mmoja, na kiu ilikuwa yake. Mtu yule hakusifiwa kwa kupenda mbwa. Alisifiwa kwa kumwona huyu mmoja aliye mbele yake. Wazee hao hao wametuachia methali isemayo kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Methali hiyo yatuonya juu ya kuzoeana kupita kiasi, nalo ni onyo jema. Lakini kumtenga mbwa na msikiti ni jambo moja, na kumnyima maji ni jambo jingine kabisa.

Hapana shaka atatokea msomaji wa kutuuliza: watoto wa watu wanalala na njaa, nanyi mwahesabu matonge ya mbwa? Swali hili ni zito, wala hatutaki kulikwepa. Jibu letu ni kwamba hakuna aliyelazimishwa kufuga mbwa watano. Mwenye chakula cha mbwa wawili na afuge wawili, na unga wa wale watatu akampe mtoto wa jirani. Mbwa mwitu hutafuta riziki kwa miguu yake. Mbwa wa uani tumemfungia lango, tukamwondolea njia ya kuitafuta. Aliyefunga lango ndiye aliyejiandikia deni. Deni lililoandikwa kwa hiari halifutwi kwa kutaja umaskini wa watu ambao nao hatukuwapa kitu.

Isitoshe, kumhesabu mbwa mmoja mmoja ni kumlinda binadamu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba karibu wanne katika kila kumi waumwao na wanyama wanaoshukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini chanjo ipo tangu zamani: mwaka 1885, huko Paris, Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyekuwa ameumwa na mbwa, naye akanusurika. Wataalamu wanasema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Sasa tazama siku bwana mifugo anapofika mtaani na sindano zake. Nyumba yenye mbwa watano huleta watatu: wawili wanaokamatika kwa urahisi na mmoja apendwaye na watoto. Aliye mkali na aliye mwoga hubaki nyuma ya banda. Jioni nyumba husema, “Mbwa wamechanjwa.” Sentensi ni ya namna ile ile, na uongo ni ule ule, safari hii aweza kufa mtoto aliyetumwa kuteka maji. Kwa wasomaji wetu twaongeza neno moja la faida: aliyeumwa na aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kuona litakalotokea.

Na mbwa asiyehesabiwa na mtu yeyote huwaje? Huyo twamwita mbwa koko, nasi hulitamka jina hilo kana kwamba ni kabila lake. Hakuzaliwa na jina hilo. Nyuma ya mbwa koko kuna lango lililofunguliwa na mtu, au watoto wa mbwa waliotupwa sokoni ndani ya gunia kwa kuwa nyumbani walizidi. Mwaka 1994, nchini Rwanda, watu walipouawa kwa halaiki katika mauaji ya kimbari, mbwa waliobaki bila wenyewe wao walirandaranda, wakala maiti, nao wakapigwa risasi kwa wingi. Hatulitaji jambo hilo kwa wepesi, wala hatulinganishi uhai wa mtu na uhai wa mnyama. Twasema tu kwamba mbwa hakuanzisha lolote katika yale. Watu ndio waliozibomoa nyumba, na mbwa akawa vile awavyo mnyama wa nyumba pasipo nyumba.

Dawa ya hesabu ya jumla ni jina. Lakini hata jina laweza kutupotosha. Kwetu wako watu wampao mbwa jina la fumbo, kama Watasema, Tutaona au Sina Habari, ili kila aitwapo jirani asikie. Mchezo huo wa lugha wapendeza, na wafaa kukusanywa na wanafunzi wa fasihi simulizi. Hata hivyo jina la namna hiyo lamlenga jirani, mbwa amefanywa barua tu. Wawindaji Wambuti wa msitu wa Ituri humvalisha mbwa wao wa kuwindia, yule asiyebweka, kengele ya mti shingoni, ili mwindaji ajue alipo hata majani yanapomficha. Jina jema lingefanya kazi ya kengele hiyo: lingetujulisha mbwa huyu yuko wapi na ana hali gani.

Kwa hiyo twapendekeza kipimo. Idadi ya mbwa wa nyumba isipimwe kwa urefu wa ukuta wala kwa hofu ya wezi. Ipimwe kwa idadi ya wale ambao kila jioni yuko mtu nyumbani awezaye kusema juu ya kila mmoja: huyu amekula, huyu hakula, huyu anachechemea, huyu jana hakubweka. Vyombo viwe vingi kadiri ya mbwa walivyo, na kila mmoja awe na cheti chake cha chanjo. Jike ambaye nyumba haiwezi kulea watoto wake na afungwe kizazi na daktari wa mifugo, kuliko watoto hao kwenda guniani. Wala tusimsahau mtumishi ambaye kazi hii yote humwangukia yeye. Ni dhuluma kumnunulia mbwa dawa ya kupe huku tukimcheleweshea mshahara yule ampakaye dawa hiyo.

Ndugu walimu, somo hili halikomei uani. Sisi nasi hufundisha madarasa yenye watoto themanini, kengele ikalia, tukatoka tukisema kwamba wanafunzi wamefahamu. Na nyuma kabisa, karibu na dirisha, yuko mmoja ambaye chombo kilimfikia kikiwa kitupu. Kiswahili kimetupa viambishi viwili, cha mmoja na cha wengi, na yatupasa kujua ni wakati gani tunakitumia cha pili ili tusilazimike kumtazama mmoja. Basi mtoto akiandika mbwa amekula mahali tulipotazamia wamekula, tusiharakishe kalamu nyekundu. Tumwulize kwanza ni yupi aliyekula, na ni yupi ambaye bado.