Anywaye Dawa Kila Siku, Je, Amepona?



Katika baraza la wazee wa usharika wetu, hapa Dar es Salaam, liliulizwa swali tusiloweza kulijibu kwa siku moja. Nimeona vema kuliweka mbele yenu, hasa ninyi walimu mnaoulizwa mambo ya namna hii njiani na nyumbani kwa watu.

Palikuwa na kijana, mwana wa mjane, aliyefungwa na unga kwa miaka mingi. Sisemi unga wa ugali, bali ule wa heroini. Akaanza kwenda hospitali kila asubuhi kunywa kikombe cha methadoni mbele ya muuguzi. Akaacha kujidunga, akaacha kuiba, akarudi kulala kwa mama yake. Ndipo akaomba apewe kazi ndogo kanisani. Mzee mmoja akasimama, akasema: “Mchungaji, mtumwa aliyebadilishiwa bwana hajawekwa huru. Na aiache hiyo dawa kwanza, ndipo tumwite mzima.”

Neno hili lilinipendeza. Nikamwita kijana, nikamwambia vile vile. Naye akatii, na kutii kwake kunaniuma hata leo. Alikaa majuma matatu bila dawa. Kisha jioni moja mama yake akamkuta ameanguka nyuma ya nyumba, pumzi karibu kukatika. Alikuwa amejidunga kipimo kile kile cha zamani, wala hakujua ya kuwa mwili wake umekwisha kupoteza nguvu ya kukichukua. Hakufa. Lakini tangu siku ile nilianza kusoma mambo yaliyonipasa kusomwa kabla sijafungua kinywa changu.

Kwanza nilikuta jambo linalompa mzee yule haki ya kuogopa. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuiuza heroini yenyewe kuwa dawa ya kikohozi! Basi si kila kitu kitokacho katika chupa ya mganga ni rafiki. Hata hivyo, kufanana si kuwa kitu kimoja. Heroini hupanda upesi na kushuka upesi. Baada ya saa chache mtu hushikwa na ile taabu vijana waiitayo arosto, maumivu na kutapika na kutetemeka, naye hatafuti tena furaha, atafuta kukoma kwa mateso tu. Methadoni ni ya jamaa moja nayo, lakini ikinywewa kwa kipimo chake hupanda polepole na kukaa mwilini siku nzima na zaidi. Dr. Vincent Dole na Dr. Marie Nyswander waliijaribu huko New York tangu mwaka 1964, na mwaka uliofuata wakaandika habari za wagonjwa wao 22. Kwetu Tanzania ilianza kutolewa Muhimbili mwezi wa Februari 2011.

Tena kuna hesabu ambayo natamani kila mzee wa kanisa aijue. Mwaka 2017 watafiti walikusanya habari za watu zaidi ya 120,000 waliotibiwa kwa methadoni katika nchi mbalimbali. Wakati walipokuwa katika dawa, walikufa kama watu 11 katika kila 1,000 kwa mwaka. Walipokuwa wameiacha, walikufa kama 36. Na majuma manne ya kwanza baada ya kuiacha ni ya hatari sana. Nilimtuma kijana yule katika majuma hayo kwa kinywa changu mwenyewe, nikidhani namwita katika uhuru.

Nilipowasomea wazee hesabu hiyo, mmoja mwenye ugonjwa wa sukari akasema, “Mbona mimi hujidunga insulini kila siku, wala hakuna aniitaye mtumwa?” Yule wa kwanza akajibu kwamba sukari haikuja kwa mkono wake mwenyewe. Ni kweli. Lakini aliyeanguka mnazini akiiba madafu, mguu wake hufungwa kama wa mwenye shamba. Habari ya madafu huamuliwa baadaye, mahali pengine.

Hata hivyo nakiri kwamba mfano wa sukari hautoshi. Mwenye sukari ameumwa mwili, na nia yake i nzima. Huyu ameumwa katika nia yenyewe. (Wazee wa pwani waliita uraibu tambuu na tumbaku ya kutafuna, waganga wa leo wamelitwaa neno hilo kwa ugonjwa huu mzito.) Tutamdaije mtu nia, ikiwa nia ndiyo mgonjwa? Nimelifikiri sana jambo hili, na naona hivi: dawa haichukui mahali pa nia, bali huipa nafasi ya kusimama. Mwenye arosto hana nafasi ya kuchagua. Aliyekunywa kikombe chake anayo siku moja ya kuchagua, na kesho nyingine. Na kuamka alfajiri kwenda hospitali mwaka mzima, mvua na jua, je, si kazi ya nia?

Lakini dawa peke yake haitoshi pia. Mwaka 1971 askari wengi wa Marekani walioko Vietnam walikuwa wamefungwa na heroini, kama mmoja katika watano. Bibi Lee Robins aliwafuata waliporudi kwao, akaona kwamba katika wale waliofungwa, ni kama watano tu katika 100 waliofungwa tena mwaka wa kwanza. Walikuwa wameacha nyuma vita, na wauzaji, na rafiki wa kuvuta nao. Kijana wetu hakupandishwa ndege. Yeye hutoka hospitali na kurudi katika mtaa ule ule, kwa vijana wale wale, na mwuzaji humsalimu kwa jina lake kabla ya sisi kumsalimu.

Mzee yule bado hajakubaliana nami katika yote, wala simlazimishi. Kijana amerudi katika dawa, na waganga ndio watakaosema lini ipunguzwe. Amepewa kazi ya kupiga kengele ya jioni. Ya asubuhi hupigwa na mzee yule mwenyewe, kwa kuwa saa hiyo kijana yuko hospitali.