Bustani ya Usiku Mmoja

Cao Xueqin, mwandishi wa China wa karne ya 18, ana sherehe moja katika riwaya yake, Ndoto ya Jumba Jekundu, ambayo kila anayejiandaa kualika watu angeisoma kabla hajafungua mfuko.

Binti wa ukoo wa Jia, Yuanchun, amepandishwa cheo na kuwa suria wa daraja la juu wa mfalme. Amepewa ruhusa ya kuwatembelea wazazi wake usiku wa Sikukuu ya Taa, siku ya 15 ya mwezi wa kwanza. Mtu wa cheo hicho hapokewi sebuleni, kwa hiyo ikajengwa bustani nzima, yenye majumba na mabwawa, kwa ajili ya ziara hiyo. Ni kipupwe na miti haina jani. Mafundi wakatengeneza maua na majani ya hariri na karatasi, wakayabandika tawi kwa tawi, na bwawani wakaelesha ndege wa makombe na manyoya. Wasichana 12 walinunuliwa Suzhou waje kuimba na kuigiza. Taa, mishumaa na mapazia peke yake vilitengewa wakia 20,000 za fedha.

Fedha hizo ni nyingi kiasi gani? Bibi Liu, mkulima maskini anayewatembelea akina Jia, anapiga hesabu ya mlo mmoja tu wa kaa walioliwa humo na kupata zaidi ya wakia 20. Anashangaa: hizo zingelilisha kaya ya shamba mwaka mzima. Kwa kipimo chake, taa na mapazia ya Yuanchun vilikuwa riziki ya mwaka ya kaya 1,000.

Na mgeni mwenyewe alipata nini? Familia ilianza kumngoja alfajiri, naye hakufika hadi usiku. Bibi yake, mzee wa ukoo mzima, alipiga magoti langoni kumlaki mjukuu. Baba alizungumza naye kutoka nje ya pazia, kwa maneno ya mtumishi kwa bwana wake. Wanawake walipobaki faragha walishikana mikono wakalia. Kabla hakujapambazuka matowashi wakatangaza kwamba muda umekwisha. Yuanchun aliwasihi wasifuje mali namna ile akiruhusiwa kuja tena. Hakuja tena.

Kufurahi na wageni si dhambi. Hatari huanza pale sherehe inapofanywa ushahidi wa cheo, kwa kuwa ushahidi huo hautoshelezi kamwe. Mwaka huu ukiwasha taa 100, mwakani ukawasha 50, watu watasema umefilisika. Akina Jia walilijua hilo, ndiyo maana hawakuthubutu kupunguza hata mapato ya mashamba yao yalipopungua.

Walikuwa wameonywa mapema. Qin Keqing, mke wa kijana mmoja wa ukoo, alimtokea ndotoni Wang Xifeng, mwanamke aliyeshika funguo za nyumba, usiku aliokufa. Alimwambia kwamba fahari kubwa inakuja na haitadumu. Akamshauri wanunue mashamba karibu na makaburi ya wazee, mapato yake yagharimie tambiko na shule ya watoto, kwa sababu mali ya tambiko serikali haiitaifishi hata ukoo ukipatikana na hatia. Sijui ushauri gani wa nyumbani ungekuwa wa wazi kuliko huo. Xifeng hakununua shamba. Alichelewesha mishahara ya wajakazi ili azikopeshe fedha zao kwa riba.

Mwandishi aliyajua haya kutoka nyumbani kwao mwenyewe. Babu yake, Cao Yin, alisimamia viwanda vya hariri vya mfalme mjini Nanjing na kumkaribisha mfalme Kangxi mara nne kati ya 1699 na 1707. Alikufa mwaka 1712 akiwa na deni kubwa kwa hazina. Mwanzoni mwa 1728, kwa amri ya mfalme Yongzheng, mali ya familia ilikamatwa. Orodha ilitaja nyumba, ardhi na watumishi. Humo ndani zikakutwa meza, viti, nguo kuukuu na stakabadhi za rehani zaidi ya 100.

Katika riwaya, askari wa mfalme wanaingia wakati akina Jia wako karamuni na wageni. Hati za mikopo ya riba zinapatikana ndani. (Sura 40 za mwisho, zilizochapishwa 1791, wengi wanaona zina mkono wa mwandishi mwingine, ila anguko lenyewe limedokezwa tangu mwanzo.) Xifeng anakufa, na jamaa zake wenyewe, akiwemo mjomba wa damu, wanapanga kumuuza Qiaojie, binti yake wa pekee. Anayemtorosha na kumficha kijijini ni Bibi Liu. Siku mzee huyo alipobisha hodi mara ya kwanza kuomba msaada, Xifeng alikuwa amempa wakia 20, zilizotengwa kwa ajili ya nguo za wajakazi.