Toa Nyama, Kula Mchuzi

Nilipomwambia shangazi yangu wa Tanga kwamba nimeacha nyama, alinyamaza kidogo, akarudisha upawa sufuriani, akasema: "Haya baba, nyama nimeitoa. Kula mchuzi." Hakuwa akitania. Kwake yeye nyama ni kile kipande unachokitafuna. Kinachobaki ni mchuzi, na mchuzi hauna kosa. Nilipoongeza kwamba hata samaki sili, wala mayai, wala maziwa, aliniuliza swali ambalo sijalipatia jibu hadi leo: "Kwani umegombana na nani?"

Kiswahili chenyewe hakinisaidii. Kwetu mtu akiuliza leo mboga gani, hujibiwa "nyama" na hakuna anayecheka, maana mboga ni chochote cha kuteremshia ugali. Ukijiita mla mboga, umejiita mtu wa kawaida. Ndiyo maana nimezoea kutoa orodha, na orodha humchosha mwenyeji kabla hajabandika sufuria. Nilipohamia Osaka nilidhani tatizo hilo nimeliacha bandarini. Kumbe huku nako neno niku, ambalo kamusi inasema ni nyama, watu wa Kansai wakilisikia peke yake huelewa ng'ombe. Kuku amebaki, nguruwe amebaki, na samaki ndiyo kwanza hajatajwa.

Safari ninayotaka kuieleza ilikuwa ya siku moja, wiki ya kwanza ya Aprili, kutoka Osaka kwenda Kyoto kwa treni. Tulikuwa wanne: mimi, mwenzangu mmoja wa Mombasa, dada wa Vietnam anayesoma naye, na mwenyeji wetu, dada wa Osaka aliyesomea Kiswahili chuo kikuu hapohapo mjini kwao, akaishi Unguja mwaka mzima, akarudi na lafudhi ambayo yule wa Mombasa haikubali hadharani lakini anaionea wivu. Kila mmoja alibeba chakula. Mimi nilikuwa na mahamri na mbaazi za nazi, mbaazi za duka la Wahindi na tui la kopo.

Tulisimama kwenye duka dogo karibu na stesheni tununue maji, na mimi nikachukua andazi la wali, lile la pembetatu lililoviringwa mwani mkavu, ndani likiwa na tunda liitwalo ume, lililotiwa chumvi, kali kuliko ukwaju. Kitu cha mmea ndani ya kitu cha mmea, ungedhani hapo hakuna mjadala. Sheria ya Japani inalazimisha mayai na maziwa yatajwe kwenye lebo, kwa ajili ya wenye mzio. Samaki wa kuungia mchuzi hayumo kwenye orodha hiyo ya lazima, kwa hiyo hujificha ndani ya herufi ndogo, pengine chini ya neno "viungo." Basi tukasimama watu wanne na andazi moja. Dada wa Osaka alisoma kwa sauti, neno kwa neno. Wa Mombasa alikuwa na msako wake. "Mimi namtafuta nguruwe na pombe," akasema, "wewe wamtafuta samaki. Mtu wa Tanga!" Samaki akapatikana, mstari wa tatu. Andazi likarudi rafuni.

Dada wa Vietnam alisema bibi yake hula hivi siku mbili kila mwezi, mwezi mosi na mwezi kumi na tano kwa kalenda ya mwezi, na siku hizo nyumba nzima hujua nini kisiingie jikoni. Wa Mombasa akatikisa kichwa, hilo linaeleweka. "Saumu ina magharibi," akaniambia. "Hii yako yafuturiwa lini?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilianza miaka mitatu iliyopita, na sababu imeshabadilika mara mbili tangu hapo. Mwanzo ilikuwa tumbo. Kisha nikaona jinsi kuku wanavyofugwa, nikawa na hoja. Siku hizi ukiniuliza ghafla, nahisi kwamba desturi imetangulia mbele na sababu inaifuata kwa nyuma ikihema.

Kutoka hekalu la Nanzen-ji tulishika Tetsugaku no Michi, Njia ya Falsafa, kama kilomita mbili kandokando ya mfereji wa maji yatokayo Ziwa Biwa. Mfereji huo ulikamilika mwaka 1890 na una kioja kimoja: mito ya Kyoto huteremka kusini, maji haya yanakwenda kaskazini. Tukaongozana nayo. Jina la njia limetokana na Nishida Kitaro, mwanafalsafa aliyefundisha Chuo Kikuu cha Kyoto na kufariki mwaka 1945, ambaye inasemekana alikuwa akipita hapa akiwaza. Kando ya njia kuna jiwe lililochongwa shairi lake fupi. Dada wa Osaka alitupa maana yake kwa maneno yake mwenyewe: linamsifu mtu anayeshika njia yake bila kuangalia ya wenzake. Yule wa Mombasa akanigeukia.

"Huyu ni wewe," akasema. "Ila yeye hakuwasimamisha watu dukani."

Nilicheka pamoja nao, lakini neno lilinikaa. Nilizoea kuona kutokula kwangu kama kitu cha ndani, mapatano kati yangu na nafsi yangu. Hata hivyo asubuhi hiyo macho yaliyosoma lebo yalikuwa ya mtu mwingine. Simu zilizopigwa juzi yake kuuliza migahawa zilipigwa na mtu mwingine. Nishida aliweza kuwaza peke yake, kwa sababu wazo halipikwi. Kula ni kazi yenye mikono mingi, na ukitia hapana yako ndani yake, kila mkono unaichukua kidogo.

Maua ya sakura yalikuwa yameanza kupukutika, na juu ya maji petali zimejikusanya kama jamvi la waridi linaloelea. Ni pazuri, sibishi. Kinachonichosha ni kwamba kila anayeandika kuhusu maua haya hukimbilia kusema yanatufundisha kuwa dunia inapita. Mimi yalinifundisha jambo la kiserikali zaidi: yanatunzwa. Miti ya mwanzo ya njia hii ilitolewa mwaka 1921 na mchoraji Hashimoto Kansetsu na mkewe, na mingi imeshakufa ikapandwa mingine. Aina iliyoenea kuliko zote Japani, somei-yoshino, haizaliani kwa mbegu zake ikabaki vilevile. Kila mti ni kikonyo kilichopandikizwa kutoka mti mwingine, kizazi kwa kizazi, tangu watunza bustani wa Edo. Ndiyo maana yote inachanua pamoja, ni kama mti mmoja uliotapakaa nchi nzima. Hilo ua linaloonekana kama limejiangukia tu lina mikono ya watu nyuma yake, kama mchuzi.

Na mchuzi ndio kiini cha ugumu wa Japani kwa mtu kama mimi. Huku huitwa dashi. Wa kawaida hutokana na vitu viwili: kombu, mwani mpana wa maji baridi ya kaskazini, na katsuobushi, yaani jodari mdogo aliyechemshwa, akafukizwa moshi, akakaushwa hadi akawa mgumu kama kipande cha mninga. Humparui kwa kisu. Unamsugua kwenye randa, kama ya seremala, anatoka nyuzinyuzi nyepesi za rangi ya kahawia. Ng'onda wetu mbele yake ni mlaini. Nyuzi hizo zikiingia kwenye maji ya moto hukaa kidogo tu, kisha huchujwa na kuondolewa. Samaki ametoka, utamu umebaki. Mwaka 1908 profesa Ikeda Kikunae wa Tokyo aliutoa utamu huo kwenye kombu, akaonyesha kwamba ni glutamati, akaupa jina umami. Tangu hapo kila mtu ana neno la kukiitia kile ambacho shangazi alikuwa anakijua bila jina.

Sisemi kwamba Japani haijui kupika bila mnyama. Mapishi ya mahekalu ya Kizen, shojin ryori, yamefanya hivyo kwa karne nyingi: mchuzi wa kombu na uyoga mkavu, tofu, ufuta, machipukizi ya mianzi msimu huu wa masika. Hata kitunguu na kitunguu saumu hawatii. Kilichonishangaza ni jina. Neno shojin halitaji nyama wala mboga. Maana yake ni juhudi, kujibidiisha.

Juhudi hiyo ina kisa chake. Mwaka 1223 mtawa kijana wa Kijapani aitwaye Dogen aliwasili China. Akiwa bado melini, alipanda mzee wa miaka 61, mpishi wa monasteri moja, amekuja kwa miguu kutoka mbali kununua uyoga. Kesho yake ilikuwa sikukuu na hakuwa na kitu kizuri cha kuwapikia wenzake. Dogen alimsihi alale hapo wazungumze. Kwani monasteri nzima hakuna mwingine wa kupika? Na mtu wa umri wako, mbona uhangaike na jikoni badala ya kukaa na vitabu? Mzee alicheka, akamwambia kwamba bado hajaelewa mazoezi ni nini, akashika njia kurudi. Dogen aliyaandika hayo mwaka 1237, katika kitabu cha maelekezo kwa mpishi wa monasteri. Nimekisoma kisa hicho mara nyingi nikimtazama Dogen na mzee. Siku ile njiani, kwa mara ya kwanza, niliwafikiria wale watawa waliokaa kungoja, ambao walikunywa mchuzi kesho yake bila kujua mtu ametembea kiasi gani.

Saa nane tukafika pale mito ya Kamo na Takano inapokutana. Tukatandika turubai la bluu, viatu pembeni, kama jamvini. Watu walikuwa wengi, watoto wanaruka juu ya mawe ya kuvukia, mengine yamechongwa umbo la kobe. Nikafungua mbaazi. Baridi ilikuwa imezigandisha. Mafuta ya nazi yametanda juu, meupe kama nta. Wa Mombasa hakujali, alivunja hamri akachovya. Dada wa Vietnam akauliza chakula hiki, cha watu wasiogusa kitu cha mnyama, kwetu kinaitwaje.

"Chai ya asubuhi," nikamwambia.

Kisha dada wa Osaka akafungua kitambaa, akatoa kasha la mbao lililopakwa rangi nyeusi na nyekundu. Mama yake ameamka alfajiri kututengenezea inari: vifuko vya tofu ya kukaanga, vimechemshwa katika mchuzi mtamu wa soya, vimejazwa wali wa siki. Vilipangwa kumi na sita, vinne vinne, mikunjo yote imelala upande mmoja. Mirin, ile pombe tamu ya mchele, mama hakutia, kwa ajili ya yule wa Mombasa, aliweka sukari. Tukasema itadakimasu, ambalo watu hulitafsiri "karibuni," lakini ni neno la anayepokea akiwa amejishusha.

Dada wa Osaka aliuma, akatafuna, akaacha kutafuna. Akachukua simu, akaenda kusimama ukingoni. Aliporudi alikuwa mwekundu.

"Samahani sana, kaka. Mama anasema samaki hakutia. Ni unga tu wa dashi. Kijiko kidogo."

Shangazi yangu alikuwa amenifuata hadi Kyoto.

Hakuna aliyesema kitu. Wa Mombasa alikuwa wa kwanza: "Basi nipe mimi, mambo yaishe." Na yangeisha. Najua hoja zote mbili. Watawa wa zamani walioomba chakula mlango kwa mlango walikula kilichotiwa bakulini, hata nyama, mradi mnyama hakuchinjwa kwa ajili yao. Ubaya ulikuwa kuchagua. Upande wa pili, jodari aliyesagwa ndani ya unga ule hakuulizwa, na kifo chake hakikupungua uzito kwa sababu mama wa mtu aliamka mapema. Mtu anayesema hapana mahali pepesi na kuilegeza mahali pazito, hapana yake ni ya nini? Nililiona hilo wazi kabisa. Niliona pia ile mikunjo kumi na sita, na sukari iliyowekwa mahali pa mirin.

Nilikula viwili. Vilikuwa vitamu mno, na utamu wenyewe nilijua unatoka wapi. Kama ningekataa, nadhani pia ningekuwa sahihi, na dada angeelewa, na mama yake angeambiwa kwamba vyote vimeisha. Sikumwomba yeyote anihukumu. Tulikaa hadi kivuli cha miti kikafika kwenye turubai, tukazungumza mambo mengine, hasa ya kodi ya nyumba.

Wakati wa kufunga, dada alitaka kukung'uta kasha na kulifunga. Nikamzuia. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu; akaniambia hata bibi yake alikuwa na desturi hiyo. Nikalifuta kwa karatasi, nikatandika mahamri manne upande mmoja, upande mwingine nikaweka kikopo cha mbaazi zilizobaki, akafunga kitambaa mafundo mawili.

Usiku, nikiwa nimeshalala, simu ikatoa mwanga. Alikuwa yeye. Mama amepasha mbaazi, amezila zote pamoja na baba, na sasa anataka kujua mchuzi ule nimetumia samaki gani.