Mcheza Kwao na Mcheza Ugenini: Suala la Usaliti wa Msanii kutoka Dookie hadi Chemirocha

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Methali hii kwa kawaida huchukuliwa kuwa sifa ya anayeipenda jamii yake, lakini ndani yake mmejificha swali gumu la kimaadili. Je, mchezaji akienda kucheza ugenini, na huko akatunzwa zaidi, amewakosea wale waliomtunza kwanza? Swali hili hujitokeza hasa pale wanamuziki wanapoiacha kampuni ndogo ya kurekodi na kujiunga na kampuni kubwa. Makala hii inalichunguza kwa kuzilinganisha kazi mbili zilizo mbalimbali sana: albamu iitwayo Dookie ya bendi ya Marekani, Green Day (1994), na wimbo wa Wakipsigis uitwao Chemirocha, uliorekodiwa Kapkatet mwaka 1950. Dai la msingi ni kwamba usaliti haupimwi kwa ukubwa wa kampuni. Hupimwa kwa hiari ya msanii, kwa haki ya malipo, na kwa uwezo wa hadhira kuijibu kazi.

2.0 Shtaka dhidi ya Green Day

Muziki wa panki ulijengwa juu ya imani kwamba mtu yeyote aweza kushika gitaa, kujirekodi na kuisambaza kazi yake bila kumnyenyekea tajiri. Imani hiyo ilikuwa na makao yake katika ukumbi wa 924 Gilman Street, mjini Berkeley, California. Ukumbi huo uliendeshwa na watu wa kujitolea, nao ulizinyima jukwaa bendi zenye mkataba na kampuni kubwa. Green Day walilelewa hapo, na albamu zao za mwanzo zilitolewa na kampuni ndogo ya Lookout. Mwaka 1993 walitia saini mkataba na Reprise, kampuni iliyo chini ya Warner. Dookie ilitoka Februari 1994, ikapata tuzo ya Grammy mwaka 1995, na nchini Marekani pekee ikapita nakala milioni 10. Mlango wa Gilman ukafungwa mbele yao.

Hoja ya washtaki haifai kudharauliwa. Jumuiya ndogo huishi kwa ahadi. Anayenufaika na ahadi hizo kisha akazivunja huwaachia wenzake hasara isiyolipika kwa fedha. Hata hivyo, shtaka hilo lina kasoro mbili. Kwanza, kazi yenyewe haikugeuka. Dookie ina sauti safi zaidi, lakini fani yake ni ile ile ya nyimbo fupi za kasi, na maudhui yake ni yale yale ya vijana waliochoka, wenye wasiwasi na wasio na pa kwenda. Pili, washtaki huchukulia kwamba udogo ni uadilifu. Mwaka 2005 Green Day waliziondoa albamu zao za mwanzo mikononi mwa Lookout kwa sababu ya mirabaha ambayo haikulipwa. Kampuni ndogo ilishindwa kutimiza wajibu wake wa kwanza kwa msanii. Na mwaka 2015 bendi hiyo iliyofukuzwa ilirudi Gilman kupiga muziki katika onyesho la kuwachangia watu wa uchapishaji waliounguliwa na moto. Mcheza ugenini, basi, aweza kukumbuka kwao.

3.0 Majina Mawili

Suala hili huonekana vyema zaidi likitazamwa kutoka Fort Ternan, ukingoni mwa nchi ya chai ya Kericho na Bomet, mahali ambapo ardhi huteremka kuelekea mashamba ya miwa ya Muhoroni. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilipita hapo. Jina la mahali hapo ni la Trevor Ternan, ofisa wa jeshi wa Kiingereza. Ni jina la mgeni lililobandikwa na mgeni, wenyeji hawakuulizwa.

Katika nchi hiyo hiyo ya Wakipsigis kuna jina jingine la mgeni. Jimmie Rodgers wa Mississippi, aliyewahi kuwa mfanyakazi wa reli, alirekodi na Victor, mojawapo ya kampuni kubwa za wakati wake, tangu mwaka 1927 hadi alipofariki mwaka 1933. Sahani zake za santuri ziliwafikia Wakipsigis, na katika ndimi zao jina lake likawa Chemirocha. Hugh Tracey alipofika Kapkatet mwaka 1950, aliwakuta wasichana wakimwimba Chemirocha kama kiumbe nusu mtu na nusu swara. Jina la Ternan lilibebwa na amri. La Rodgers lilipokewa kwa hiari, likafinyangwa, likapewa kwato. Ukubwa wa Victor haukuwazuia wasichana hao kuwa watunzi. Hapa hadhira iliijibu kampuni kubwa, na jibu lake lilikuwa sanaa mpya.

Lakini wimbo huo nao ulisafiri. Ulitolewa katika sahani za Tracey, ukahifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha nchini Afrika Kusini mwaka 1954, ukasikilizwa ng'ambo kwa miongo mingi. Tracey hakuwa mfanyabiashara mkubwa, na bila juhudi zake huenda sauti hizo zisingesikika leo. Hata hivyo, Green Day walijua walichokuwa wakisaini. Wasichana wa Kapkatet hawakuwa na njia ya kujua sauti zao zingefika wapi, wala nani angezisikiliza. Immanuel Kant alifundisha mwaka 1785 kwamba binadamu asitumiwe kama chombo tu. Kwa kipimo hicho, mhifadhi mwenye nia njema ana maswali ya kujibu kuliko bendi iliyojitajirisha.

Mfano wa jani la chai uko karibu. Jani huchumwa, huchanganywa na mengine, hunywewa mbali kwa jina ambalo mchumaji hakulichagua. Lakini wimbo si jani. Jani likiuzwa limekwenda, ilhali wimbo uliorekodiwa hubaki kinywani mwa mwimbaji. Kinachoweza kupotea ni jina lake na haki yake. Ndiyo maana ilikuwa tendo la kimaadili, si la kumbukumbu tu, pale katika miaka ya 2010 maktaba hiyo ilipoungana na Ketebul Music ya Nairobi kuzirudisha rekodi Kapkatet, wazee wakazisikia.

4.0 Hitimisho

Kitenzi kutunza kina maana mbili: kumpa mchezaji zawadi, na kumwangalia asidhurike. Mjadala kuhusu Dookie ulijishughulisha na maana ya kwanza, yaani nani alimlipa nani, na kiasi gani. Chemirocha inalazimisha maana ya pili. Msanii hawi msaliti kwa kupokea tuzo ya ugenini, wala hadhira haisaliti mila kwa kuupokea wimbo wa mgeni. Usaliti huanza pale sauti inapochukuliwa na mwenye sauti akasahauliwa, awe aliyeichukua ni kampuni kubwa, kampuni ndogo au msomi mwenye kinasa sauti.